Nati Iliyoshika na Mkono wa Pili

Swali la iwapo mtu aweza kukidhulumu kitu kisicho na roho ni swali kongwe, na aghalabu huulizwa juu ya mambo yenye haiba: mwembe wa miaka mingi uliokatwa pasi na haja, nyumba ya mawe iliyoachwa hadi ikaporomoka, muswada uliosahauliwa ukaliwa na mchwa. Ni nadra swali hilo kuulizwa juu ya nati. Hata hivyo, yamkini hakuna mahali ambapo tabia ya mtu hujifichua wazi zaidi kuliko pale anapolala chali chini ya gari lake mwenyewe, juu ya boksi lililokunjuliwa, spana mkononi, akiizungusha nati ambayo haizunguki.

Hali yenyewe inajulikana kwa kila aishiye karibu na bahari. Mwenye gari ameamua kubadilisha pedi za breki uani kwake, ama kwa kuwa fedha za fundi hazipo, ama kwa kuwa anapenda kazi ya mikono. Kwa makisio yake, kazi nzima ni ya saa moja. Gurudumu limetoka bila ya taabu. Zimebaki bolti mbili zinazoishikilia kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, na moja kati ya mbili hizo imekuwa kitu kimoja na mahali ilipo. Anaivuta spana, haiendi. Anabadilisha mkono, haiendi. Anaweka mguu. Spana inachupa, vifundo vya vidole vinachunika kwenye chuma, na tangu hapo kazi iliyo mbele yake si ya gari peke yake.

Kilichoizuia bolti ile si uchawi. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hadi 6 hivi kwa kutegemea aina yake. Bolti hukutana na nati yake katika hesi, ule mfereji mwembamba unaozunguka kama ngazi za mnara, na uwazi ulioachwa kati ya hesi hizo mbili ni wa unene wa karatasi au pungufu. Kutu ikizaliwa humo haina pa kwenda. Hujaa, hujibana, ikavisukuma vyuma viwili hadi vikawa kama pacha. Chumvi huyaharakisha yote hayo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, na kutu asili yake ni umeme mdogo upitao baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Upepo wa baharini hubeba chumvi ile ile ukaimwaga juu ya majahazi na juu ya magari bila ya kubagua. Tena magari mengi ya visiwani na ya pwani huletwa yakiwa yameshatumika Japani, na yale yaliyotembea kaskazini ya nchi ile, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, huenda yakashuka bandarini na kutu yao tayari.

Kiswahili kina namna yake ya kulitazama jambo hili. Msemaji hasemi kwamba nati imeharibika. Husema imeshika, kitenzi kile kile kitumikacho kwa mtu aliyeshika neno lake au aliyeshika adabu. Kinyume chake ni kulegea, na hilo nalo husemwa kwa chuma na kwa binadamu sawasawa. Hukazwa nati, hukazwa moyo, hukazwa mwendo. Gari likikwama husemwa limegoma, injini imekataa, mlango umeleta kiburi. Mshairi angeiita tashihisi, na angekuwa amesema kweli. Lakini chini ya gari tashihisi si pambo, kwani mtu aliyechubuka vidole huiamini. Nati kwake ni mkaidi mwenye nia, na mkaidi dawa yake ni kupigwa.

Herodotus amesimulia kisa cha mfalme Xerxes wa Uajemi, aliyetaka kuvusha jeshi lake kuingia Ugiriki katika vita vya mwaka 480 K.K. Madaraja yake juu ya mlango wa bahari yalivunjwa na dhoruba, naye akaamuru bahari ipigwe mijeledi 300 na kutiwa pingu. Watu wa visiwani hukicheka kisa hiki, na wana haki ya kucheka, maana wanaijua bahari. Jambo linalosahauliwa ni sehemu ya pili ya kisa: mfalme hakutosheka na kuichapa bahari, bali waliojenga madaraja yale alikata vichwa vyao. Hasira iliyoanzia kwa kitu kisicho na roho haikukaa huko. Ilitafuta mwenye shingo. Mke anayepita uani akiuliza kama chai iletwe, mtoto aliyepewa kazi ya kushika tochi na mkono wake ukatikisika, hao ndio wajuao nati iliyoshika ilivyo, ilhali hawajaigusa.

Aristotle aliwahi kuifananisha ghadhabu na mtumishi mwenye haraka, akimbiaye kutekeleza amri kabla hajaisikia yote, kisha akaharibu kazi. Haijulikani kama mwanafalsafa huyo aliwahi kufungua chochote kwa mkono wake, lakini mfano wake unamfaa kabisa mwenye spana. Amri ni moja: fungua. Mtumishi mwenye haraka ameondoka mbio na neno hilo moja tu, wala hakungoja kuambiwa ni upande gani, kwa chombo gani, kwa kiasi gani, na nini cha kufanya kwanza.

Upande gani, kwa mfano, si swali la kipumbavu. Malori kadhaa, na baadhi ya magari ya zamani, yalitengenezwa na hesi ya kinyume kwenye nati za magurudumu ya upande wa kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze njiani. Mwenye nguvu asiyelijua hilo huikaza nati kwa jasho lake lote akidhani anailegeza. Kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyolipalilia tatizo lake. Hapa hata subira haimsaidii. Anaweza kuwa mpole kama maji ya mtungini, akavuta polepole kutwa nzima, na bado akawa anakwenda kinyume.

Chombo nacho kina hukumu yake. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu za nati yenye pande sita. Ikiteleza mara moja hula pembe, ikiteleza mara ya pili nati inaanza kuviringika, na ya tatu haina tena pa kushikwa. Spana ya duara huizunguka pande zote sita. Tofauti ya bei baina ya spana hizi mbili si kubwa, ila tofauti ya matokeo ni kubwa mno. Ama kuhusu kiasi, kila fundi anaijua hila ya kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana. Mpini wa sentimita 30 ukirefushwa ukawa 90, mkono ule ule huzungusha kwa nguvu mara 3. Nati haijui nguvu imetoka wapi, lakini bolti ina kikomo chake: ile yenye unene wa milimita 8 huweza kuhimili kusokotwa karibu nusu tu ya ile ya milimita 10. Kabla ya kukatika hutoa dalili. Mkono huhisi kama nati imeanza kulegea, wepesi mtamu wa ghafla, na mwenye pupa hufurahi. Si wepesi wa kufunguka huo. Ni chuma kinavutika kama ubani, na mzunguko mmoja zaidi kitabaki nusu mkononi na nusu ndani.

Wajuao mambo haya huanza na brashi ya waya, wakaisugua hesi iliyo nje mpaka ionekane rangi yake, kwani kutu iliyo nje ndiyo mlango wa njia ya kutokea. Kisha hutia mafuta mepesi. Oili nzito ya injini haifai, maana haipenyi. Hutakiwa kitu chepesi kinachonyonywa na ufa mwembamba kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Mafuta ya kopo yanayosifika zaidi ulimwenguni kwa kazi hii, WD-40, hayakubuniwa kwa ajili ya nati. Yalitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya kuondosha maji na kukinga kutu, na nambari iliyo katika jina lake ni ya jaribio la 40. Yaani hata kopo lenyewe lina historia ya kushindwa mara 39, ingawa kwenye kibandiko haikuandikwa.

Baada ya mafuta hugongwa. Watu wengi hushangaa kusikia nyundo ikitajwa na wasifiao upole, lakini pigo fupi juu ya kichwa cha bolti halivunji kitu. Huitikisa kutu ikapata nyufa, na mafuta yakaingia. Kisha nati hujaribiwa kwa upande wa kukaza kwanza, kiasi kidogo tu, na ikisogea hata kwa upana wa ukucha hurudishwa, hutiwa mafuta tena, husogezwa tena. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Na ikiwa bado imeshika, hutumiwa moto, kwa sharti kwamba mipira ya breki na bomba la petroli viko mbali. Chuma kikipashwa moto hutanuka, na tundu la nati nalo hutanuka pamoja na nati. Wako waaminio kwamba tundu husinyaa, lakini sivyo ilivyo. Tundu la milimita 10 likipata joto la nyuzi 300 zaidi hupanuka kwa sehemu ndogo kuliko unene wa unywele. Unywele huo, na pungufu yake, ndio unaotofautisha nati iliyoshika na nati iliyo huru.

Hapa ndipo msifu wa subira angependa kuhitimisha. Angesema kwamba nati imekuwa mwalimu, subira imevuta kheri, basi. Lakini sifa hiyo ni rahisi mno, na haistahili kupita bila ya kuhojiwa. Nati haifunguki kwa kungojewa. Kila usiku unaopita kutu inaongezeka, na breki mbovu haziponi kwa uvumilivu wa mwenye gari. Wako watu wanaoita subira kile ambacho kwa jina lake halisi ni ukunguni. Gari huegeshwa chini ya mwarobaini wiki, mwezi, mwaka, na mwenyewe husema bado anaitia mafuta ile nati. Subira iliyotajwa juu, ile ya brashi na nyundo na moto, ni kazi tupu. Ina jasho. Inatumia nguvu, tena wakati mwingine nguvu nyingi, na ukifika wakati wa kukiri kwamba nati haitoki, hutumia tindo au msumeno ikaikata na kuitupa. Hakuna dhuluma katika tindo hiyo. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha ghadhabu na mbwa wa mwindaji. Mfano huo haumtaki mtu amuue mbwa wake, bali amfunze, maana mbwa asiyefunzwa humwumiza mwenyewe na aliyefunzwa humletea riziki. Nyundo ni ya namna hiyo hiyo.

Basi kama nguvu si kosa, na kukata si kosa, kosa liko wapi? Mwandishi wa Marekani, Robert Pirsig, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 chenye masimulizi ya safari ya pikipiki, alizama katika suala la skrubu moja iliyokwama, akaonyesha kwamba katika saa hiyo skrubu ya senti chache huwa na thamani sawa na pikipiki nzima, na kwamba kukwama kwenyewe kwaweza kuwa mwanzo wa kuelewa. Ni hoja nzuri, na kila aliyewahi kukwama ataikubali. Lakini katika hoja hiyo mtu amebaki peke yake na skrubu yake, naye ndiye anayefunzwa. Chini ya gari, hata liwe limeegeshwa uani nyuma ya ukuta mrefu, mtu hayuko peke yake.

Nati ni kitu cha ajabu kidogo kati ya vifungio. Ribiti hupigwa mara moja ikawa basi. Chuma kilichochomelewa hakitarajiwi kuachana. Nati na bolti, kinyume chake, hufungwa kwa nia ya kufunguliwa. Mwenye kuikaza anakiri, kwa kitendo chake, kwamba siku moja atakuja mwingine, au yeye mwenyewe akiwa mzee zaidi, na kwamba huyo ajaye atahitaji kupita hapo. Wazo hilo si geni pwani. Mtepe, chombo cha Lamu na visiwa vya Wabajuni, haukupigiliwa misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kamba ikichoka ilikatwa mbao zikashonwa upya. Aliyeshona alijua kuwa mshono wake utafumuliwa, na hakuona hilo kuwa ni tusi kwa kazi yake.

Nati imeongeza jambo moja ambalo mtepe haukuwa nalo. Zamani kila karakana ilichonga hesi yake, nati ya huku haikuingia bolti ya kule. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza huko Uingereza kipimo kimoja cha hesi kwa karakana zote, na tangu hapo, kwa vipimo vilivyofuata, mafundi wasiojuana wakaanza kuelewana bila ya kusemezana. Leo nati iliyokazwa kiwandani Japani hufunguliwa Unguja au Pemba kwa spana ya 12 au ya 14 iliyonunuliwa dukani, wala hakuna anayestaajabu. Huo ni mkataba baina ya watu ambao hawatakutana maisha yao. Mkono wa kwanza umekaza, mkono wa pili utafungua. Kati yao hapana barua wala salamu, ila kipande hicho cha chuma. Watu wa pwani wana neno la kitu anachoachiwa mtu akitunze hadi mwenyewe afike. Huitwa amana.

Ukiitazama hivyo, hasira ya yule aliyelala chini ya gari inapata sura nyingine. Anapoilaani nati, mara nyingi anamlaani mtu: nani huyu aliyeikaza kwa bomba? Nani aliyeirudisha kavu, bila ya tone la grisi? Na huenda malalamiko hayo ni ya haki. Yamkini alikuwepo fundi aliyekuwa na haraka, kazi tano mbele yake na malipo ya moja, akaona grisi ni anasa. Lakini pia inawezekana hapana aliyekosa, na kwamba ni bahari tu ilifanya kazi yake. Hukumu juu ya mkono usioonekana yafaa iwe nyepesi, kwa sababu ushahidi uliobaki ni kutu, na kutu haimtaji aliyeileta.

Mkono unaokuja ndio wenye madai mazito zaidi, na hauwezi kuyadai. Mwenye hasira aliyezila pembe za nati, akaona haifai, akaikaza tena vivyo hivyo na kuondoka, amemrithisha mwingine tatizo kubwa kuliko alilolikuta. Yeye alikuta nati yenye kutu na pembe sita. Ajaye atakuta kutu bila ya pembe. Hapa pana dhuluma, na aliyedhulumiwa ni mtu mwenye roho, ila tu hajafika.

Lakini hilo nalo ni dogo likilinganishwa na jaribu ambalo huja baadaye, pale bolti inapokatika. Chuma kilitoa ule wepesi wake mtamu, kisha sauti kavu, na sasa kichwa kiko kwenye spana na mwili umebaki ndani. Jua limekwisha kuchwa. Kesho asubuhi gari latakiwa. Kuitoa bolti iliyokatika ni kuitoboa katikati kwa keke, polepole, bila ya kuigusa hesi iliyo pembeni, kazi ya saa nyingi na vifaa ambavyo pengine havipo nyumbani. Na kando yake iko ile bolti ya pili, nzima, imekaza vizuri. Kalipa inashika. Ikitikiswa kwa mkono haichezi. Gurudumu likirudishwa hakuna atakayeona. Hakika hakuna: si mke, si jirani, si askari wa barabarani.

Watu wengi wakiulizwa kama nati ina uhusiano na maadili hufikiria subira na hasira, ambazo ni mambo ya tabia, na tabia ya mtu ni mzigo wake mwenyewe. Swali la kweli liko hapa, kwenye bolti ya pili, baada ya hasira kupoa. Mtu aliyepiga nyundo kwa ghadhabu amekosa katika joto. Mtu anayelirudisha gurudumu juu ya bolti iliyokatika amekaa kitako, amefuta mikono, amefikiri, na ameamua. Kalipa ilipewa bolti mbili kwa sababu gari likifunga breki nguvu yake yote hupita hapo. Ikishikiliwa na moja hujipinda juu ya hiyo moja, kila siku kidogo, kwa muda usiojulikana. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika suala hili wa kwao ni wengi: watoto wanaopelekwa skuli kwenye kiti cha nyuma, jirani aliyeomba kufikishwa hospitali, mwenye baiskeli anayetangulia mbele kwenye mteremko, akiwa na yakini kwamba gari lililo nyuma yake laweza kusimama.

Iko hoja inayotolewa kwa ukali na wenye magari, nayo yastahili jibu: gari ni langu, bolti ni yangu, nani ananiuliza? Kwa kitu kinachokaa uani hoja hiyo ina nguvu. Mtu akiamua kuliacha gari lake lile kutu mpaka kuku wakatagia humo, amejidhulumu nafsi yake na pengine nyumba yake, na wengine wanaweza kusikitika tu. Lakini gari linalotoka uani si la mwenyewe peke yake. Karatasi ina jina moja, na njia ina watu wote. Na hata siku ya kuuzwa, hoja hiyo hugeuka. Muuzaji huonyesha rangi, hufungua mlango ukafungika vizuri, huwasha injini. Hakuna mnunuzi alalaye chali akahesabu bolti za kalipa. Anachokinunua, pamoja na gari, ni ukweli wa mikono iliyotangulia, na kitu hicho hakikuandikwa katika bei.

Inafaa kusemwa pia, kwa haki, kwamba umaskini una sehemu yake. Si kila aliyeacha bolti moja alifanya hivyo kwa ufedhuli. Mwenye kutegemea gari kwa riziki ya siku, naye hana keke wala fedha ya mwenye keke, yuko kwenye njia panda ambayo mwenye magari mawili haijui. Kumhukumu kwa maneno makubwa ni rahisi kwa mwenye kukaa kivulini. Hata hivyo umaskini haumlazimishi mtu anyamaze. Anaweza kwenda kwa fundi wa kuchomelea akasema kweli: imekatikia ndani. Anaweza kumwambia anayelichukua gari kesho kwamba lisipelekwe barabara kuu, au lisipelekwe popote. Neno hilo halina gharama ya fedha. Gharama yake ni ya uso, kwa kuwa linamlazimisha mtu kukiri kwamba kazi aliyojigamba kuiweza imemshinda, na pengine hiyo ndiyo gharama iliyo nzito kupita ya keke.

Na ikitokea kwamba bolti haikukatika? Imelia kwanza, mlio mwembamba wa kutu inayopasuka, kisha ikasogea, ikarudishwa, ikasogea tena, ikatoka nzima na unga mwekundu umejaa katika hesi yake. Wakati huo aghalabu ni wa furaha, na wenye furaha nao hukosea. Pedi mpya hutiwa haraka, bolti hurudishwa kama ilivyotoka, na kazi huitwa imekwisha. Aliyeifungua kwa taabu, na vidole vyake bado vinawaka, ndiye anayejua kuliko watu wote mkono ujao utakutana na nini hapo. Dakika tano zinatosha. Hesi husuguliwa kwa brashi hadi chuma chake kionekane, tundu nalo husafishwa. Kilainishi kinachotiwa hapo ni kile kinachoruhusiwa na watengenezaji, kwa kiasi chake, mbali na pedi na sahani yake, maana grisi ikigusa hapo breki haziumi. Pengine watengenezaji huagiza bolti mpya isiyotiwa kitu, na hilo nalo hufuatwa. Kisha bolti huingizwa kwa vidole vitupu, mizunguko mitatu au minne ya mwanzo, kwa kuwa vidole huhisi hesi inapokwenda mshazari na spana haihisi. Mpaka hapo spana hukaa chini.